Filimbi Mbili Kichakani

Wiki ya tatu sasa kanga hawalii, na Mwinjuma alimjua wa kumlaumu: shemeji yake Sufiani, fundi cherehani aliyenunua bunduki juzi tu na kujichomeka unyoya wa kanga kofiani kama bwana harusi. Filimbi ya kuwaitia ndege aliipuliza kama anayepoza chai. Kanga gani angebaki?

Asubuhi hiyo, hatimaye, mmoja aliijibu filimbi ya Mwinjuma. Akapuliza tena, akajibiwa, karibu zaidi. Nusu saa alitambaa kifudifudi kwenye miiba, bunduki mkononi. Hiyo ndiyo sauti ya kanga, siyo upuuzi wa Sufiani!

Nyasi zikatikisika. Akaona madoa meupe, akalenga.

Unyoya ukageuka. Chini yake palikuwa na uso wa Sufiani, filimbi mdomoni.

"Shemeji, lala chini, utamfukuza!" Sufiani akanong'ona. "Kuna jike huko ulikotoka. Limezeeka, sauti imepasuka, na akili halina kabisa. Nusu saa naliita, nalo linakuja tu."

Mwinjuma akaifumbata filimbi yake kiganjani. Nyuma yao, kanga saba walikuwa wakivuka njia bila haraka.