Siku ya Kurudishiwa

Mama Mbelu alifika kwenye ukumbi wa parokia na kikapu kitupu kichwani, maana barua ilisema wazi: Jumamosi ni siku ya "restitution". Watu wa chuo kikuu wanakuja kurudisha.

"Banirudishie nyimbo zangu," alitangaza mlangoni. "Ilikuwa kumi na mbili. Mi nilihesabu."

Ukumbi ukacheka. Lakini nusu ya avenue yao, mtaa wa Dilala, ilikuwa imekuja na mifuko. Mzee wao, Tata Ntambwe, alitaka ndoo yake ya udongo waliyoichota. Stéphanie, mtoto Dimitri mgongoni, alitaka jibu moja tu: kobalti ya mgodini imeingia mwilini mwa huyu mtoto, au haikuingia? Tangu Pasaka mtoto hakui.

"Yaya Mado, majibu ya Dimitri iko muzuri, eh?" Stéphanie alimuuliza Mado, dada mkubwa wa avenue nzima.

"Itakuwa bien, mama. Kaa."

Mado alikaa mstari wa mbele, midomo ameibana. Mwaka mzima avenue yao ilikuwa mzoga, na hawa wa chuo kikuu ndio nzi. Huyu anachota udongo, yule anafuta vumbi la dirishani. Mmoja alihesabu majani yanayoota kwenye udongo wa shaba. Mwingine alirekodi nyimbo za Kilunda za Mama Mbelu. Kijana wa isimu aliandika matusi yao yote, na maana zake. Msichana wa historia alikaa wiki mbili kwa Ntambwe akipiga picha kuta za nyumba za kampuni ya zamani ya migodi. Wote walikula bukari, ugali wao, wakafuta mikono, wakaenda.

Lakini wa mkojo, waliotaka kupima kobalti mwilini mwa watu, ndio waliomtia kinyaa kuliko wote. Walimpitia yeye, kwa sababu ni mama relais, anayepita nyumba kwa nyumba na habari za chanjo, na hakuna mlango wa Dilala usiomfungukia. Chupa kumi na tisa, watu kumi na tisa, siku moja, azipeleke hospitalini.

Sasa, kazi ya Mado ni kufua nguo za creuseurs, vijana wanaochimba kwa mikono. Matope ya mgodi, maji mekundu mpaka viwikoni, miaka kumi na moja, na hata hajawahi kukunja uso. Lakini mkojo wa watu! Ule wa Ntambwe mzito, una povu. Vifuniko vikivuja, jua la saa sita, beseni mapajani juu ya taxi-moto. Darajani pikipiki iliruka shimo, kikwembe kikalowa. Alimsimamisha dereva, akatapika mpaka machozi.

Akashukia kwa mdogo wake Jessica, rangi imempotea.

"Nipe maji nisukutue kinywa."

Alimaliza jagi. Akaomba la pili. Na la tatu.

"We yaya, unakunywa sawa ng'ombe!"

"Acha tu. Ile harufu iko mpaka mu roho."

Alibaki pale hadi jua likapoa. Jioni chupa zilifika hospitalini zimejaa, nje kavu, hazinuki hata kidogo, na doktere Philippe, aliyeongoza hao wa mkojo, alimsifu mbele ya manesi: hajaona relais msafi namna hii.

Sasa maprofesa walisimama mmoja mmoja. Kumbe "restitution" ni kuonyesha picha ukutani na kusema asante. Nyimbo za Mama Mbelu zilitoka kwenye kompyuta sekunde kumi, zikakatwa.

"Ni hii tu?" aliuliza. Akakalia kikapu chake.

Doktere Philippe alipanda akitafuna mkate wa mafuta, vidole vinang'aa. Akaweka ukutani picha ya zile chupa, kubwa kama mlango. Mado akaziba pua, kana kwamba picha inanuka.

"Kumi na tisa juu ya kumi na tisa," doktere alisema, na uso ulimchangamka kama wa mtu aliyeshinda mchezo. "Mzee, mtoto mdogo, wote. Kobalti karibu kiasi kimoja, kiasi ambacho sijawahi kukiona. Na mkojo wenyewe mwepesi kama maji! Wenzangu hawataamini."

Ntambwe alisimama. "Doktere, mutu ya vile anaishi siku ngapi?"

Doktere alimeza mkate. "Anatakiwa hospitali, tata. Leo hii. Moyo hauwezi kubeba kiasi kile."

Ukumbi ulipasuka kwa kilio. Stéphanie alimshusha Dimitri mgongoni, akamkumbatia, akaketi naye sakafuni. Ntambwe alijishika kifua. Wengine walimvuta Mado mikono.

"Sema nabo, Mado! We ndio unajua kuongea! Uliza kama habakukosea!"

Mado alisimama. Alitazama vidole vya doktere vyenye mafuta, kisha viganja vyake mwenyewe, ambavyo wekundu wa matope ya mgodi haujatoka kwa sabuni yoyote. Akapiga magoti karibu na Stéphanie, akamfuta mtoto kamasi kwa ncha ya kikwembe.

"Musilie, bamama. Mukojo ya Dimitri nilimwanga kwa Jessica, mu mufereji. Na yenu yote. Ile ya mu chupa kumi na tisa yote ni yangu."