Hatua Moja ya Kinyonga

Kinyonga alipopangwa beki wa kati siku ya fainali, Duma, mshambuliaji wa wapinzani, alicheka. "Wewe mzee wa polepole, utanikimbiza mimi?"

Kinyonga alijua akipitwa leo hapangwi tena. Akawaambia Mbuzi na Kanga, mabeki wenzake, "Nikisema twende, tusogee mbele hatua moja tu."

Jicho lake moja lilimtazama Duma, la pili likatazama mguu wa Fisi, mwenzake Duma, aliyekuwa na mpira. Mguu ulipoinuka akasema, "Twende." Wenzake wakafupisha hatua zao wamngoje, wakasogea pamoja, Duma akabaki nyuma yao. Pasi ikamfikia, akafunga, akacheza hadi kwenye kona. Korongo, mshika kibendera, alikuwa amekinyanyua: Duma ameotea.

"Umeniwezaje na mwendo huo?" Duma akauliza.

"Wenzangu walinisubiri, kaka."