Safari ya Bi Sekela

Sheria inamruhusu kila mtu safari moja tu ya ndege maishani, kwenda na kurudi. Bi Sekela wa Tukuyu aliitumia yake ujanani, akaenda Kostarika kujitolea kulinda kasa wanaotaga ufukweni. Mpaka leo anakumbuka vitoto vyao vikimtekenya viganjani kabla ya kukimbilia majini.

Binti yake alihamia Norwe. Mjukuu wake, Atupele, aliyezaliwa huko, anamwona kwenye skrini tu.

“Bibi, nikikua nitatumia safari yangu kuja kwako.”

Bi Sekela alitaka kumwambia aende kwa kasa. Badala yake akasema, “Njoo, mama. Njoo upesi.”

Skrini ilipozimika, akaikumbuka safari yake. Siku ile yeye anaondoka kwenda Kostarika, mama yake mwenyewe hakumwomba abaki.