Sweta za Kasikeu

Jua la Kasikeu lilikuwa linawaka, lakini darasa zima lilikuwa limevaa sweta. Kanyiva akasimama mlangoni, mkono wake uliounguzwa na uji umefichwa ndani ya sweta yake. Wanamcheka, basi.

"Ni mwalimu amewatuma?"

"Hata hajui," akajibu msichana wa dawati lake, jasho likimdondoka kidevuni. "Mamako aliambia watu kisimani eti hutaki kutoa sweta yako."

"Ndio mkaamua kuniigiza?"

"Wewe nawe! Tunakungoja utoe, na tunaiva huku!"

Akawakagua nyuso, akitafuta anayeficha kicheko. Kisha, kuwajaribu tu, akapandisha mkono wa sweta mpaka ncha ya kovu ikaonekana.

Mikono yote ya sweta ikapanda hapo hapo, ikasimama, ikamngoja.