Ndala za Binti

Afisa wa mpakani aliirudisha pasipoti ya mama mkwe bila kuigonga muhuri. "Muda wako wa kukaa bila viza umekwisha, mama. Kutoka na kurudi hakuuanzishi upya."

Balozi, mkwewe, alihisi masikio yanawaka moto. Jina hilo walimbandika nyumbani kwa jinsi alivyojifanya bingwa wa kupanga safari za watu. Mkewe alipomsihi waombe nyongeza ya muda, alimcheka. "Tunavuka, tunakunywa chai, tunarudi na siku mpya. Niachie mimi."

Chai walikuwa wameshakunywa. Mama mkwe, aliyekuja kumsaidia bintiye kulea kichanga, alikuwa na kipochi tu mkononi, na miguuni ndala za bintiye, kwa kuwa mchana wangekuwa wamesharudi. Zilikuwa ndogo. Visigino vilikanyaga vumbi.

"Labda hujaelewa, baba," alimwambia afisa kwa upole. "Muulize mkwe wangu. Mambo haya anayajua nje ndani."

Afisa akamgeukia Balozi. Foleni nzima nayo ikamgeukia.

Simu ikatetemeka mfukoni mwake. Alikuwa mkewe.

"Pokea, mwanangu," mama mkwe akasema. "Mwambie tuko njiani."