Farasi na Daraja Linalolia

Farasi mmoja alikuwa na mbio sana, ila alishtushwa hata na mkia wake. Siku moja Sungura alimpanda na mwanawe mwenye homa, waende kwa Kobe mganga, ng'ambo ya daraja la mbao linalolia kila likikanyagwa. Tumbili, aliyejiona fundi wa farasi, akadandia nyuma.

"Usiogope jani lile!" alipiga kelele Tumbili. Farasi akaruka.

"Usiogope kisiki!" Farasi akarudi kinyumenyume.

"Jani lipi? Kisiki kipi?" aliuliza Farasi, amechanganyikiwa. "Mimi nilikuwa naangalia njia!"

Mtoto akaanza kulia. Sungura akamziba Tumbili mdomo, akamnong'oneza Farasi, "Kaka, mwanangu anaogopa. Mwimbie, nami nitaitikia."

"Mimi ndiye nimtulize mwenzangu?" Farasi alishangaa, lakini akaimba. Miguu yake ikafuata wimbo, taratibu, hadi mlangoni kwa Kobe.

"Na lile daraja liko wapi?" aliuliza.

"Tumeshalivuka, kaka."

Farasi akazidi kuchanganyikiwa. Alitaka arudi akaliogope kidogo, lakini mtoto alikuwa amelala mgongoni, naye hakuthubutu kumwamsha.