Tarehe Iliyofutwa

Mzee Elinami, aliyemfundisha Sifaeli kupika bia, alikuja kuionja bia ya mwanafunzi wake kwa mara ya kwanza. Sifaeli hakuwa na mpya. Alimfungulia chupa iliyokaa dirishani miezi saba, ambayo asubuhi ile aliikwangua tarehe kwa kisu.

Mzee alinusa, akaonja.

“Hii umeipika lini, binti yangu?”

“Wiki mbili zilizopita, Mwalimu.”

Akaonja tena. Aliitafuta harufu ya hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, kali kama ganda la chungwa, akakuta ladha ya boksi lililolowa.

“Basi ulimi wangu ndio umekwisha,” alisema taratibu. “Umenilisha miaka arobaini. Kumbe uzee umeshaufikia.”

Akacheka kinyonge, akaimaliza bilauri yote kwa heshima, akachukua kofia yake, akaaga.

Uso ulimwaka Sifaeli kwa aibu. Alimkimbilia, akamkuta getini.

“Mwalimu, ulimi wako mzima. Bia ndiyo iliyoharibika. Tarehe niliifuta mimi.”

Mzee hakugeuka. Alisimama ameshika komeo la geti, hakulifungua wala hakuliachia.